Nani atamwagilia Agosti?

Kikundi chochote cha vijana kikinipigia simu kuomba ushauri wa kupanda miti hapa Dodoma, nakiuliza swali hilo kabla sijajua kina miche mingapi. Mara nyingi simu inakaa kimya kidogo. Miche ipo, majembe yameshaazimwa, fulana zimeshachapwa. Agosti hakuna aliyeiwaza.

Nimesomea misitu, na Jumamosi zangu nyingi nazimalizia mitaani na vijana wanaojitolea kupanda miti na kuitunza. Jiji letu lina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika mwishoni mwa Aprili imekata, na wastani wake kwa mwaka haufiki milimita 600. Kinachofuata ni jua na upepo kwa miezi saba. Ndiyo maana Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, hunipa taabu. Kwa Tanga au Arusha ni tarehe nzuri sana, masika yamekolea. Dodoma mvua inaaga. Mche unaotiwa ardhini siku hiyo unakunywa wiki chache, kisha unaachwa na mizizi isiyozidi urefu wa kiganja katika udongo unaokauka kuanzia juu. Vijana wakitaka kuiadhimisha siku hiyo, nawaomba waende kupalilia na kuzungushia miiba miti waliyopanda Desemba.

Somo hili tulilipata kwa hasara. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda mwishoni mwa Machi kando ya barabara moja, kwa nyimbo na vigelegele. Ilipofika Septemba, miche iliyobaki hai ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Watu wakalaumu mbuzi. Mbuzi walikula, ni kweli, lakini nilipong'oa ile iliyokauka nikakuta mizizi bado imejiviringa kwa umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, kama kamba iliyokunjwa ndani ya ndoo. Miche ilikuwa imekaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi, nasi tukaishusha shimoni vilevile. Mzizi uliojiviringa hauteremki kutafuta maji, unaendelea kuzunguka palepale.

Siku hizi tunachana kiriba na kukitoa chote, tunakata kwa wembe mizizi inayozunguka, na mche uliozidi kiriba chake tunaurudisha hata kama tumepewa bure. Hapo ndipo tunapobishana zaidi na vijana wapya, kwa sababu mche mrefu unapendeza machoni. Mimi nachukua wa sentimita 40 wenye mizizi iliyonyooka. Shimo tunachimba sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu tunautenga na kuuchanganya na samadi iliyooza vizuri, kisha shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, inakaa usawa wa ardhi. Ukiifukia, shina linaoza.

Kuhusu maji, kikombe kila jioni kinaonekana kama upendo, lakini kinalowesha sentimita chache za juu tu, na mizizi inabaki hukohuko juu ambako jua linachoma. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, ikimiminwa taratibu ndani ya kingo za udongo zilizozunguka shina, inazama, na mizizi inaufuata unyevu chini. Matandazo, yaani kinachotandazwa kufunika udongo, nayo yana mambo yake hapa. Darasani nilifundishwa nyasi kavu. Mitaani kwetu nyasi kavu ni karamu ya mchwa, na wakizimaliza wanahamia kwenye gome. Tunapanga mawe badala yake, tukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Mawe yanafunika udongo usikauke haraka, na mchwa hana cha kula.

Lakini ndoo ya lita 20 haijibebi yenyewe. Vijana wetu wengi ni wanachuo, na likizo yao ndefu huangukia kati ya Julai na Oktoba. Kiu ya mti inapozidi, aliyeupanda yuko kwao Mbeya au Kigoma. Kwa miaka miwili tulijaribu kuwabana kwa zamu na vikumbusho vya simu, bila mafanikio, na sidhani ni haki kuwalaumu.

Tulichobadilisha ni mahali pa kupanda. Tuliacha kutafuta eneo tupu, tukaanza kutafuta mtu anayeshinda juani, ambaye kwa kutaka kivuli ataumwagilia mti sisi tukiwa hatupo. Mama lishe, fundi viatu, kijiwe cha bodaboda. Kijana anakwenda kwanza kuongea. Mmoja wetu alimwamkia mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi, akamweleza tunataka kumpandia mti. Mama akamjibu: "Marahaba, mwanangu. Mti nautaka, ila msiniletee ule unaokwenda juu kama mlingoti. Nitakaa wapi?" Alikuwa anausema mwashoki, ambao vikundi vingi huuchagua kwa sababu unanyooka na kupendeza. Tulimpandia mwarobaini, mti unaovumilia ukame na kubaki na majani wakati mingine imepukutika. Maji aliyooshea mboga yanaishia pale. Yenye sabuni nyingi tulimwomba asiyamwage hapo, kwa kuwa chumvi zake hujikusanya kwenye udongo.

Mahali tusipopanda ni chini ya nyaya za umeme, kwani mti ukifika juu utakatwa kichwa.

Kazi ya vijana haikupungua. Desemba wanachimba na kupanda. Miezi ya mvua wanapalilia, wanapogoa matawi ya chini, wanalegeza kamba zinazofunga miche kwenye vigingi kabla hazijaingia kwenye gome. Na wiki ya mwisho kabla ya likizo wanazunguka na daftari, mti kwa mti. Kila ukurasa una aina ya mti, tarehe uliyopandwa, na jina la anayebaki na ndoo. Ukurasa usio na jina, kiongozi wa kikundi haondoki mjini mpaka lipatikane.