Kutoka f/4 hadi f/2, mwanga hauongezeki mara mbili

Wengi huamini kwamba ukishusha namba ya tundu la lenzi ya kamera (uwazi unaopitisha mwanga) kutoka f/4 hadi f/2, mwanga unaongezeka mara mbili. Hapana, unaongezeka mara nne. Chukua lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50; kipenyo cha tundu ni urefu huo ukigawanywa kwa namba ya f: kwenye f/4 tundu lina kipenyo cha milimita 12.5, kwenye f/2 ni milimita 25. Kipenyo ndicho kimekuwa maradufu, lakini mwanga unapita kwenye eneo zima la duara, na eneo hufuata mraba wa kipenyo. Hatua ya kuongeza mwanga mara mbili tu ni f/2.8, namba inayowachanganya sana wanaoanza. Kwa hiyo kama f/4 na shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/60 zilikupa picha nzuri, kwenye f/2 nenda 1/250, la sivyo picha itaungua, yaani itakuwa nyeupe kupita kiasi.