Je, wajua kwa nini Pemba ina karafuu lakini fedha iko Unguja?

Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Pita Wete au Mkoani wakati wa msimu, utakuta majamvi yameanikwa hadi ukingoni mwa lami. Hata hivyo, takwimu za mapato na matumizi ya kaya za 2014/15 zilionesha kuwa zaidi ya nusu ya Wapemba walikuwa masikini, ilhali Unguja masikini hawakufika robo ya watu. Imekuwaje?

Chanzo kimoja ni upepo. Mikarafuu ya mwanzo ilipandwa Unguja, karne ya 19, kwa jasho la watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliilaza mikarafuu mingi ya huko, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Zao likahamia Pemba; Sultani, forodha na matajiri waliokopesha wenye mashamba wakabaki Mjini, Unguja.

Mapinduzi ya 1964 yalibadili mwenye mti. Mashamba yalitaifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Bei, hata hivyo, haikugaiwa. Mnunuzi aliyeruhusiwa na sheria alikuwa mmoja tu, shirika la biashara la serikali, ZSTC. Miaka ya 1970 karafuu ilipanda sana katika soko la dunia, kwa kuwa Indonesia iliitaka kwa kreteki, sigara zake zinazochanganywa na karafuu, lakini mkulima aliambulia sehemu ndogo. Nyingine iliingia hazina, ambayo wakati huo ilitegemea karafuu karibu kwa kila kitu, miaka ileile majumba ya Michenzani, mjini Unguja, yakipanda ghorofa. Kweli, Pemba nayo ilijengewa majumba ya maendeleo, ila machache.

Halafu Indonesia ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Ngalawa za magendo zilizovuka usiku kwenda Kenya zilikuwa, kwa maoni yangu, kura ya wakulima kuhusu bei ya serikali. Kuanzia 2011 bei hiyo ilipandishwa sana, na magendo yakapungua.

Ndani ya shamba lenyewe pia hawapati sawa. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi yanayokatika upesi, akalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha alizochuma. Kinamama na watoto hukaa usiku wakichambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na mvua ikinyeshea jamvi, daraja la ubora hushuka. Mwenye shamba aliyebanwa na ada za skuli au ugonjwa huwa ameshaziuza zikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida. Faida ya msimu mzuri humwendea aliyekuwa na fedha taslimu miezi kadhaa kabla.

Karafuu ilipodhoofika, Zanzibar ikageukia watalii. Ndege kubwa kutoka nje hutua Unguja, na hoteli zikajipanga Nungwi, Kendwa na Paje. Pemba ina fukwe na matumbawe ya kutosha, lakini mgeni hulazimika kupanda ndege ndogo au meli nyingine, na wengi hawafiki. Mvuvi wa Nungwi anauza pweza hotelini. Mwenzake wa Micheweni, Pemba, anamuuzia jirani ambaye naye ni mvuvi.

Kijana wa Kipemba, basi, huhama. Mtamkuta Darajani, Kariakoo au Mombasa, nyuma ya meza ya duka alilofungua pamoja na ndugu zake, akituma fedha nyumbani. Mikarafuu imebaki na wazee, na mingi imezeeka nao. Mche mpya unahitaji miaka sita au zaidi ndipo uzae, na anayeupanda bado haijui bei atakayolipwa.