Mgao wa Mkimbizi, Njaa ya Mwenyeji: Dai la Turkana Lipelekwe kwa Nani?

Ukihudhuria baraza Kakuma au Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi ya kaunti ya Turkana nchini Kenya, na suala la chakula likatajwa, hutakaa sana kabla ya kusikia malalamiko haya: mgeni analishwa, anachimbiwa kisima, anajengewa shule, na mwenye ardhi analala njaa. Wapo wanaoyakemea papo hapo na kuyaita chuki. Sisi tunaofanya kazi ya hifadhi ya jamii tunapaswa kuyasikiliza kwa namna nyingine, kwa sababu mara nyingi anayeyatoa ni mama aliyeshinda njaa, na dai lake la kula ni la haki kabisa. Kinachonihangaisha ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 dai hilo limekuwa likielekezwa kwa mkimbizi, na muda wote huo wanaowajibika kulijibu hawajabanwa ipasavyo.

Tuanze na ukubwa wa njaa yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16 uliikuta Turkana ikiwa kaunti maskini kuliko zote nchini Kenya: asilimia 79.4 ya wakazi wake walikuwa chini ya mstari wa umaskini, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 36.1. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 926,976 katika kaunti hiyo. Ndani ya umaskini huo kumekaa kambi ya Kakuma tangu 1992, ilipofunguliwa kuwapokea vijana wa Sudan waliolazimika kuondoka Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka uliotangulia. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani yake zina karibu watu laki 3. Mfugaji aliyepoteza mbuzi wote kwa ukame anaziona lori za chakula zikipita njia ileile anayopita yeye kwa miguu. Ingekuwa ajabu asiulize.

Ila anachokiona ni nusu tu ya maisha ya yule mgeni. Kisheria mwomba hifadhi ni mtu aliyevuka mpaka, akajiandikisha, na bado anasubiri serikali iamue kama ombi lake lina msingi. Akikubaliwa ndipo anatambuliwa rasmi kuwa mkimbizi. Kenya ilijifunga kuwapokea watu hawa kupitia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, itifaki yake ya 1967 na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na kwa sasa inaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Kwa miaka mingi mkimbizi wa Kakuma amehitaji kibali ili tu atoke kambini aende Kitale au Nairobi. Hakuruhusiwa kufuga ng'ombe wala mbuzi. Kibali cha kazi kipo kwa aliyekwisha kutambuliwa, lakini kukipata kumekuwa safari ndefu, na anayesubiri uamuzi hana hata hicho. Mtu aliyekatazwa kulima, kufuga na kusafiri hana njia ya kujilisha, na mgao ulikuja kujaza pengo la vizuizi hivyo. Mturkana huona gunia, na vizuizi havionekani kwa macho.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo penye kutoelewana kukubwa. Wengi huamini kwamba kila shilingi inayomlisha mkimbizi imetoka katika hazina ya Kenya, na kwamba akiondoka leo, kesho shilingi hiyo itamfikia mwananchi. Sivyo inavyofanya kazi. Chakula cha kambini hutolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, nayo huduma nyingine nyingi hupitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mashirika hayo hutegemea michango ya hiari ya serikali za nje, na kwa miaka mingi Marekani ndiyo iliyokuwa ikichangia zaidi. Mfadhili anapotoa pesa kwa ajili ya wakimbizi wa Kakuma, mara nyingi huandika hivyo kwenye makubaliano yenyewe. Wasiponunuliwa mahindi hao wakimbizi, pesa hurudi kwa mwenyewe au huenda nchi nyingine. Haziingii Lodwar, makao makuu ya kaunti.

Simaanishi kwamba Kenya haitumii chochote. Inatoa ardhi, polisi na maafisa wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Wenyeji nao hulipa kwa njia isiyoandikwa katika bajeti yoyote: miti iliyokatwa kuzunguka kambi, maji yanayovutwa kutoka bonde la mto Tarach ambao wenyewe hutiririka kwa msimu tu, na malisho yaliyofungwa. Gharama hizo ni za kweli. Anayewaambia wenyeji kwamba hawajapoteza kitu anawakosea heshima.

Je, mwananchi hunufaika pale mkimbizi anaponyimwa? Mwaka 2025 ulitujibu waziwazi. Misaada ya nje, hasa ya Marekani, ilipokatwa, mgao wa Kakuma ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Kisha WFP ikaanza kuzigawa kaya kwa makundi kulingana na uhitaji wake, na wapo waliojikuta hawapati chochote. Kulitokea maandamano. Kama hoja ya chungu kimoja, kwamba anachonyimwa mkimbizi humfikia mwenyeji, ingekuwa sahihi, wenyeji wangeanza kula vizuri zaidi mwaka huo. Badala yake wao pia waliumia. Wanawake wa Kiturkana ambao kwa miaka wamewauzia wakimbizi kuni na makaa, mara nyingi kwa kubadilishana na sehemu ya mgao, walikuta wateja wao hawana cha kubadilishana. Wenye maduka waliokuwa wamewakopesha wakimbizi wakitarajia pesa za Bamba Chakula, msaada wa chakula unaotumwa kwa simu, mwisho wa mwezi walibaki na madaftari ya madeni.

Ukijua jinsi soko la Kakuma lilivyojengwa, hilo halikushangazi. Bamba Chakula ilianza 2015: badala ya kupewa nafaka yote mkononi, familia ikatumiwa kwenye simu kiasi cha kununulia chakula kwa wenye maduka waliosajiliwa, wakimbizi na wenyeji pia. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilitoa makadirio kwamba uchumi wa Kakuma ulikuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 6, ukiwa na maduka zaidi ya 2,000. Miaka miwili kabla yake, utafiti wa Benki ya Dunia ulikuwa umeona kwamba uwepo wa wakimbizi unaongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3. Hizo ni faida za wastani, na wastani hauli. Mwenye duka mjini Kakuma na mfugaji wa wadi ya Letea hawapati kitu kimoja. Lakini takwimu hizo zinatosha kuonyesha kwamba kumfunga mkimbizi mdomo hakuufungui wa mwenyeji.

Basi mwananchi maskini alishwe na nani? Jibu limeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, kupata maji safi na kupata hifadhi ya jamii, na kinaitaka serikali iwape msaada unaofaa wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Mipango ya kulitekeleza jukumu hilo ipo. Uko Inua Jamii, unaowalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zenye mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Na kwa kaunti kavu uko ule ambao watu wa Turkana wanaujua kwa herufi zake, HSNP, yaani mpango wa kuzikinga kaya na njaa, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Huo hulipa kaya shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, na ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir kabla ya kuongezwa kaunti nyingine.

Nakiri kwamba HSNP ni mojawapo ya mipango ninayoipenda zaidi katika fani hii. Unatumia picha za setilaiti kupima majani ya malisho, na ukame ukizidi, kaya za ziada zilizokwisha kuandikishwa huanza kulipwa bila kusubiri mkutano wa dharura na picha za watoto waliokonda kwenye televisheni. Wakulima na wafugaji wa nchi nyingi wangeutamani. Udhaifu wake ni udogo. Awamu yake ya pili ilizilipa mara kwa mara takriban kaya laki moja tu katika kaunti zote 4 za mwanzo. Kiwango cha shilingi 5,400 kimekaa palepale kwa miaka mingi wakati bei ya unga na mafuta ya kupikia haikukaa. Malipo huchelewa. Tena jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mpango huu wa wananchi nao ulianza kwa pesa za Uingereza, kisha serikali ya Kenya ikaongeza mchango wake polepole. Yaani Mturkana na mkimbizi wote wawili wamekuwa wakitegemea huruma ya wafadhili, kila mmoja kwa dirisha lake. Tofauti ni kwamba Mturkana ana serikali yenye wajibu wa kikatiba kwake, ana mbunge, ana mwakilishi wa wadi, na ana bajeti anayoweza kuihoji.

Madhara ya kukosekana kwa msaada wa wananchi yanaonekana wazi kule Garissa kuliko popote. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoko huko, zilifunguliwa 1991. Katika miaka ya ukame iliyofuata, familia za Wakenya wa jamii ya Kisomali zilizokuwa zimepoteza mifugo zilikuta kwamba katika eneo lao lote mahali pekee penye chakula, dawa na shule ya bure ni kambini. Zikaenda zikajiandikisha kama wakimbizi. Watoto waliandikishwa pamoja na wazazi wao, na wengine wakachukuliwa alama za vidole, bila kujua maana yake.

Watoto hao walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mfumo uliwatambua kama wakimbizi na ukawakataa. Mashirika ya haki za binadamu yamekadiria kwamba walioathirika ni makumi ya maelfu. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti, hupigi kura, hupati mkopo wa chuo, na unapovuka kizuizi cha polisi kuelekea Nairobi unashushwa kwenye basi. Kinachoniuma zaidi ni hiki: bila kitambulisho huwezi kuandikishwa hata katika Inua Jamii. Mwananchi aliyejifanya mgeni kwa ajili ya njaa anazuiwa, kwa sababu hiyohiyo, asipate msaada wa wenye nchi. Serikali imewahakiki baadhi yao na kuyaondoa majina yao katika orodha ya wakimbizi, lakini wengine wamesubiri hadi wakawa na watoto wao wenyewe. Watu hawa hawakunyang'anywa chochote na mkimbizi. Walikosa kwao.

Wanasiasa wamezoea kutoa jibu jingine kabisa. Mei 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hatua hiyo inakiuka katiba. Machi 2021 tangazo likarudi, safari hii kwa Dadaab na Kakuma zote mbili. Hakuna tangazo kati ya hayo lililokuja na mpango wa kumwongezea mwananchi wa Garissa au Turkana hata shilingi moja. Njia yenye maana zaidi ilikuwa Kalobeyei, kwenye ardhi iliyotolewa na kaunti mwaka 2015, iliyobuniwa ili wakimbizi na wenyeji watumie shule, zahanati na masoko mamoja. Mapigano ya Julai 2016 Sudan Kusini yalileta watu wengi kwa haraka, na sehemu ya ndoto hiyo ikamezwa na dharura. Hata hivyo, hadi leo wenyeji hutibiwa katika hospitali zilizojengwa kwa ajili ya wakimbizi, na watoto wao hukaa madarasa mamoja nao.

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida yanayohudumiwa pamoja na wenyeji. Wapo Waturkana wanaouogopa, hasa kuhusu ardhi, na hofu hiyo inastahili majibu yaliyoandikwa, yakiwa na mipaka ya ardhi na vyanzo vya pesa. Uganda kwa muda mrefu imetumia kanuni kwamba takriban asilimia 30 ya rasilimali za miradi ya wakimbizi ziwanufaishe wenyeji. Wenyeji wa Turkana wana kila sababu ya kudai kiwango cha namna hiyo kiandikwe, na kipimwe kila mwaka mbele yao.

Kwa mwananchi anayesoma haya akiwa na njaa nyumbani, au aliye na mzazi mzee asiyelipwa, kwanza uliza kwa chifu au katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yako kama kaya yenu imo katika sajili ya Inua Jamii au HSNP, na kama haimo, lini uandikishaji utafanyika. Uliza kwa jina la aliyestahili, ukiwa na nakala ya kitambulisho chake. Ukizungushwa, Tume ya Haki katika Utawala, wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman, hupokea malalamiko bila malipo, pia kupitia baadhi ya vituo vya Huduma. Na mikutano ya umma ya bajeti ya kaunti inapoitishwa, usiende kuuliza wakimbizi wamepewa nini. Uliza ni kaya ngapi katika wadi yako ziko kwenye HSNP, ni ngapi zilistahili zikaachwa, na kwa nini kiwango cha 5,400 bado hakijapanda.