Je, wajua? Mzuka wa Halloween huelea kwa mota ya waipa

Oktoba ikifika ukingoni, mitaa mingi ya Marekani huota makaburi mbele ya nyumba. Mafuvu hutapakaa kwenye nyasi, viganja vya mifupa hutokeza ardhini, na nyuma ya dirisha la ghorofani mwanamke mweupe huelea akipunga mikono taratibu, kama anayemwita mtu. Ni maandalizi ya Halloween, usiku wa tarehe 31, ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakidai peremende. Mgeni aliyelelewa kwamba makaburini hapachezewi ana haki ya kuvuka barabara na kupita upande wa pili.

Lakini akitulia kidogo atajiuliza: yule mwanamke anaeleaje? Hatikisiki kwa upepo kama nguo iliyoanikwa. Kichwa kinapanda, mkono mmoja unashuka, mwingine unajinyoosha, na hakuna kamba inayoonekana. Jibu ni kwamba kiumbe huyo ni mota ya waipa, kile kifuta mvua cha kioo, iliyong'olewa kwenye gari bovu, mbao chache, kitambaa cha shashi na mishipi mitatu ya kuvulia samaki. Mafundi wa vitisho vya nyumbani wamekuwa wakipeana michoro yake tangu miaka ya 1990, na mpaka leo sijaona kifaa cha dukani kinachoushinda.

Fremu ya mbao hulazwa juu kabisa, usawa wa dari. Katikati yake hufungwa mota, na kwenye ekseli ya mota hufungwa mkono mmoja wa ubao au bati nene, unaozunguka kama pangaboi lenye panga moja. Kwenye ncha ya mkono huo huwekwa pete inayojizungusha yenyewe bila kukaza, na kwenye pete hufungwa mishipi yote mitatu. Pete hiyo ukiidharau, mishipi itajisokota kwenye ncha hiyo na mzuka utapanda mpaka darini usishuke tena. Kutoka hapo kila mshipi hushika njia yake hadi ukingo wa fremu, hupita juu ya roda ndogo, yaani kigurudumu cha kupitishia kamba, kisha huning'inia: mmoja umeshika kichwa, miwili imeshika viganja.

Tazama sasa kinachotokea. Ncha ya mkono wa mota ikielekea kwenye roda ya kichwa, mshipi hulegea na kichwa hushuka. Ikigeukia upande wa pili, mshipi huvutwa na kichwa hupanda. Tofauti kati ya juu kabisa na chini kabisa ni mara mbili ya urefu wa mkono: mkono wa sentimita 20 hukipandisha kichwa sentimita 40. Na kwa kuwa roda tatu zimewekwa pande tatu tofauti, kila kiungo hufika kileleni kwa wakati wake. Kichwa kikiwa juu, kiganja cha kushoto bado kinapanda, cha kulia kimeanza kushuka. Mzunguko ni mmoja tu, tena wa kijinga kabisa, lakini mtazamaji haoni mzunguko. Anaona mtu anayejivuta hewani.

Kwa nini aone mtu? Mwaka 1973 Gunnar Johansson, mtafiti wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, alifunga alama ndogo za mwanga kwenye viungo vya watu, kisha akawapiga filamu gizani wakitembea. Kwenye filamu hazikuonekana sura wala miili, nukta zinazocheza tu. Watazamaji walitambua papo hapo kwamba ni binadamu anatembea. Macho yetu yana njaa ya mwendo wa kiumbe hai. Yakipewa pointi chache zinazosogea kwa kupishana namna fulani, ubongo hujaza mwili wenyewe. Mzuka wa mota una pointi tatu tu: kichwa na viganja viwili. Zinatosha. Ndiyo maana sishangazwi sana na yale mafupa makubwa ya plastiki ya karibu mita 3.6 ambayo maduka ya Home Depot ya Marekani yalianza kuyauza mwaka 2020 kwa dola 299. Ni makubwa, sawa, na watu waliyagombea. Lakini yamesimama tu, na mtoto akishayazoea kwa dakika mbili atapiga nayo picha.

Mota ya waipa hupendwa kwa sababu ya gia yake. Ndani yake kuna gia ya skrubu, inayobadilisha mbio za mota kuwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi, nguvu ya kusukuma maji ya mvua kwenye kioo cha gari. Imeundwa kwa volti 12, na ukiipa volti hizo mzuka utakwenda kasi ya waipa yenyewe, yaani utageuka kichekesho. Basi mafundi huchukua pawasapulai ya kompyuta ya zamani, kile kisanduku kinachoilisha umeme, ambayo hutoa volti 12 na volti 5 kwa nyaya tofauti, wakaunganisha mota kwenye zile 5. Kasi hushuka chini ya nusu. Hapo ndipo mzuka unapopata heshima.

Mishipi nayo inafichwaje? Wengi wakianza hununua ile nailoni inayopitisha mwanga, wakidhani kisicho na rangi hakionekani. Kumbe nailoni hiyo hung'aa mara taa inapoipiga. Gizani ni afadhali mshipi mweusi mbele ya ukuta mweusi. Kisha taa inayotumika si ya kawaida, ni taa ya urujuanimno, ule mwanga ambao jicho letu halioni. Shashi nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga huwaka chini yake rangi ya samawati, kwa sababu sabuni nyingi za kufulia hutiwa kemikali zinazofyonza urujuanimno na kuutoa tena kama mwanga unaoonekana. Kemikali hizo ndizo zinazolifanya shati jeupe lionekane jeupe kupita kiasi juani. Kitambaa kinawaka, mshipi mweusi hauwaki, ukuta hauwaki. Kinachobaki ni mwanamke bila kamba. Wengine hujaza chupa soda ya tonic na kuipanga dirishani, kwani nayo huwaka samawati chini ya taa hiyo. Kinachowaka ndani yake ni kwinini, kile kile kichungu tulichonyweshwa kwa ajili ya malaria.

Wale wasio na taa ya urujuanimno hutumia balbu za samawati au kijani, na hilo pia lina sababu. Katika mwanga hafifu jicho hutegemea chembe zinazohisi mwanga lakini hazitofautishi rangi, na chembe hizo huitikia zaidi samawati na kijani kuliko nyekundu. Tena katikati kabisa ya jicho, pale tunapoelekeza tunapokodoa, chembe hizo hazipo. Kitu hafifu gizani kinaonekana vizuri zaidi kwa pembeni ya jicho kuliko ukikitazama moja kwa moja. Kwa hiyo fundi mjuzi hamweki mzuka wake mbele ya mlango. Humweka pembeni, mpita njia amwone kwa kona ya jicho, ageuke, asiwe na hakika.

Kuna kitisho kingine kisicho na mota hata moja, na kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote kwa bei yake. Chukua barakoa ya plastiki ya uso wa mtu, igeuze, upande wa ndani ulioingia uwatazame wapita njia, kisha imulike kwa nyuma taa ipenye kwenye plastiki. Funika kingo zake kwa kitambaa cheusi. Mtu akipita mita chache mbele yake ataona uso wa kawaida uliotokeza, na uso huo utageuka kumfuata kila anapokwenda. Hakuna kilichosogea. Ubongo umeona nyuso zilizotokeza maisha yake yote, hivyo ukiletewa uso ulioingia ndani unakataa kuamini na unaupindua. Pua, ambayo kwa kweli ndiyo iliyo mbali zaidi, inahesabiwa kuwa karibu. Mtazamaji anaposogea, mambo yanayosogea machoni pake hayalingani na hesabu hiyo, isipokuwa kama uso wenyewe unageuka. Basi ubongo unaamua kwamba unageuka. Ukiukaribia sana hila huvunjika, maana macho mawili kwa pamoja hupima umbali vizuri zaidi. Jumba la mizuka la Disneyland, bustani ya michezo huko California, lililofunguliwa mwaka 1969, lina sanamu za namna hii, na watu wazima wenye akili zao bado hurudi nyuma na kusonga mbele wakizichunguza.

Hila za namna hii hazikuanzia kwenye gereji za Marekani. Mwaka 1862, katika taasisi ya Royal Polytechnic jijini London, John Henry Pepper alionyesha mzuka jukwaani kwa kioo kikubwa kilichoinamishwa, kilichoakisi mwigizaji aliyefichwa chini akimulikwa taa. Wazo la awali lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, jina likabaki kwa Pepper. Halloween yenyewe ililetwa Marekani kwa kiasi kikubwa na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19, na mchezo wa kugeuza nyumba kuwa ya kutisha ukashika kasi miaka ya 1930. Wakati ule wa dhiki ya uchumi vijana walikuwa wakitumia usiku huo kuharibu mali za watu, na wazazi na mitaa wakaona heri wawatie kwenye vyumba vya chini vyenye giza wakatishwe humo kuliko kuwaacha barabarani.

Moshi unaotambaa makaburini huwashinda wengi. Mashine ya moshi huchemsha maji yaliyochanganywa na glikoli au gliserini, mvuke ukatoka na kuganda kuwa matone madogo sana hewani. Tatizo ni kwamba moshi huo ni wa moto, na chenye moto hupanda. Unaishia kwenye paa la jirani. Dawa yake ni kuupitisha kwanza kwenye pipa lililojaa barafu. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo moshi hutoka ukiwa umenyenyekea na kutambaa kwenye nyasi mpaka upepo utakapoutawanya. Barafu kavu, ambayo ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa kwa nyuzi hasi 78, hufanya kazi hiyo bila mashine, ila huunguza vidole, na ndani ya chumba kilichofungwa gesi yake inaweza kumkosesha mtu pumzi. Nje tu, na kwa glavu.

Makaburi yenyewe ni mbao za polistairini, ile povu ngumu inayouzwa huko kwa ajili ya kuzuia baridi kwenye kuta. Herufi huchongwa kwa kisu au kwa waya wa moto, kisha hupakwa rangi ya maji. Rangi ya kopo la kupuliza hula povu hilo na kulitoboa, jambo linalomtia uchungu asiyejua. Anayejua huipuliza makusudi kwenye kingo, na jiwe likaonekana limeliwa na miaka mia. Baada ya rangi nyeusi kukauka hupitishwa brashi kavu yenye kijivu kidogo, ikashika miinuko tu na kuacha mashimo meusi. Jiwe kama hilo ni jepesi mno, upepo wa kwanza hulipeleka kwa jirani. Kwa hiyo huchimbwa tundu chini yake, likatiwa kipande cha bomba la plastiki, na bomba likavishwa juu ya nondo iliyopigwa ardhini.

Kwa maiti, wao hununua kiunzi cha mifupa cha plastiki, wakakizungushia nailoni nyembamba ya kufunikia fanicha wakati wa kupaka rangi, kisha wakaipiga kwa bunduki ya hewa moto. Nailoni hunywea, hushikamana na mbavu, hutoboka hapa na pale. Ikipakwa vanishi ya kahawia ya mbao, rangi hujikusanya kwenye mikunjo na unapata ngozi iliyokauka. Kazi hiyo hufanyiwa nje, maana moshi wake si wa kuvutwa.

Kinachobaki ni ukaguzi. Umeme wa nje huchomekwa kwenye soketi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, kama pale maji yanapoingia, na mishipi hukaguliwa kila jioni pale inapopita kwenye roda, maana hapo ndipo inaposagika. Ukikatika wa mkono, mzuka huonekana mlemavu na lazima upande ngazi. Ukikatika wa kichwa usiku wenyewe wa sherehe, kichwa hulala kifuani huku mikono ikiendelea kupunga, na hapo ngazi iache ilipo.