Kioo cha darasa kimevunjika: nani alipe?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, alifika ofisini kwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa kwamba vioo viwili vya darasa la tano vimevunjwa wakati wa mapumziko, kwa hiyo kila mwanafunzi wa darasa hilo alete franka 5 000 kabla ya Ijumaa. Asiyeleta abaki nyumbani. Darasa lilikuwa na watoto 58.

“Haikuwa mutoto wangu,” akasema. “Juu ya nini nilipe?”

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria tulipiga hesabu. Watoto 58 mara franka 5 000 ni franka 290 000. Vioo viwili, pamoja na mastiki na mkono wa fundi, havikaribii hapo. Swali lake likawa mawili: nani alipe, na alipe kiasi gani?

Sheria inayojibu ni ya zamani kuliko Lubumbashi yenyewe. Jiji letu lilianzishwa mwaka 1910, na dekreti ya mikataba na madeni ni ya tarehe 30 Julai 1888. Wanasheria wanaiita Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia, na bado ndiyo inayotumika. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu akimtia mwenzake hasara kwa kosa lake, ni lazima airekebishe. Cha 259 kinaongeza kwamba uzembe na kutokuwa mwangalifu navyo ni kosa. Basi anayedai malipo anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kuna hasara, kuna kosa, na hasara hiyo imetokana na kosa hilo. Kuwa na jina kwenye daftari la darasa si kosa.

Kwa hiyo malipo ya darasa zima hayana mguu wa kusimama katika sheria. Shule isipomjua aliyevunja, haimjui, basi. Inaweza kuuliza, kuchunguza, kuwaita wazazi. Haiwezi kuigawa hatia kama mkate. Wakuu wa shule huniambia, “Lakini maître (wakili), wakilipa wote, watamtaja mwenyewe.” Huenda. Ila hiyo ni mbinu ya upelelezi, tena mbovu, kwa sababu anayeumia ni mama anayeuza makala (mkaa) kando ya barabara.

Mchango ni kitu kingine. Mkutano wa wazazi ukikubaliana kwa hiari kusaidia kununua vioo, ni vizuri, na uitwe mchango. Lakini katika shule ya msingi ya serikali mchango hauwezi kuwa tiketi ya kuingia darasani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure, na utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Wazazi wengi hapa hudhani shule za konvansyoni, za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu au za Kiislamu, ni za binafsi. Ni shule za umma zinazosimamiwa na makanisa na jumuiya hizo, na kanuni hiyo inazihusu.

Sasa tuseme aliyevunja anajulikana. Ni mtoto wa miaka 11, alipiga mpira, mpira ukaingia dirishani. Hapa ndipo mzazi na mwalimu huanza kutupiana mzigo, na kifungu cha 260 kinawagusa wote wawili. Wazazi wanajibu kwa hasara inayoletwa na mtoto wao mdogo anayeishi nao. Walimu wanajibu kwa hasara inayoletwa na wanafunzi wakati wako chini ya uangalizi wao. Na wote, mzazi kama mwalimu, wanaweza kujitoa wakithibitisha kwamba hawakuweza kuzuia jambo hilo lisitokee. (Maandishi ya 1888 yanamtaja baba kwanza, na mama baada ya kifo cha mume. Kanuni ya Familia ya leo inawapa wote wawili mamlaka juu ya mtoto, kwa hiyo baba asikimbilie kusema hayo ni mambo ya mama.)

Mzazi husema: saa nne asubuhi mtoto alikuwa kwenu, mimi nilikuwa sokoni, ningezuiaje? Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi kesi. Katika mapokeo ya sheria tuliyorithi, jaji hutazama uangalizi na malezi. Uangalizi wa saa nne asubuhi haukuwa wa mzazi, ulikuwa wa shule. Malezi ni ya mzazi saa zote. Mpira uliopotea njia katika uwanja ambao shule yenyewe imewaruhusu watoto kucheza, tena chini ya madirisha yasiyo na wavu, hauonyeshi malezi mabaya, na shule inayodai pesa hapo itaulizwa mwalimu wa zamu alikuwa wapi. Mtoto aliyetoka na kisu nyumbani akachonga jina lake kwenye madawati matatu ni habari nyingine. Huyo, mzazi wake ajiandae kulipa.

Mtoto mwenyewe je? Akiwa na akili ya kutambua alichofanya, kosa ni lake pia. Lakini msimtishe na jela. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kubeba hatia ya jinai, wala hakuna ushahidi wa kuligeuza hilo. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18, akifanya kosa la jinai, anaenda mbele ya mahakama ya watoto. Mkuu wa shule anayempeleka mtoto wa miaka 12 kwa polisi kwa ajili ya dawati amekosea mlango. Na mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari aliyefikisha miaka 18 ni mtu mzima: deni ni lake, ingawa kila mtu anajua mfuko utakaofunguliwa ni wa baba.

Kwetu watoto wengi hawaishi na wazazi. Wako kwa mjomba Kampemba, kwa shangazi Ruashi, kwa nyanya katika mtaa wetu wa Kenya. Kifungu cha 260 kinataja baba na mama, na orodha yake haivutwi kama mpira wa baiskeli. Mjomba habebi mzigo huo kwa sababu tu analisha. Anayetaka alipe athibitishe kosa lake yeye mjomba, kwa vifungu vya 258 na 259. Najua jibu hili huwashangaza watu, maana kwa desturi aliye na mtoto ndiye anayeitwa shuleni. Anaitwa, ndiyo, na ni heshima aende. Kuitwa hakumfanyi mdaiwa.

Kuhusu kiasi: kulipa hasara ni kurudisha kitu kilivyokuwa, si kuitajirisha shule. Dawati lililokaa miaka kumi, mguu umelegea na limepigiliwa misumari mara tatu, halilipwi bei ya dawati jipya. Na likianguka kwa sababu watoto wanne wamekaa mahali pa wawili, huo ni uchakavu na msongamano, si kosa la mtoto. Tena tahadhari: likimvunja mtoto mkono, mambo yanageuka, kwa kuwa kifungu kile cha 260 kinamfanya mtu ajibu kwa vitu vilivyo mikononi mwake. Hapo shule ndiyo itakayoulizwa.

Upepo wa mwanzo wa mvua ukibeba malata (mabati ya paa), hakuna mwanafunzi wa kudaiwa. Kanisa linalokodi madarasa kila Jumapili nalo lilipe linachovunja, kwa mkataba wake; ajabu ni kwamba Jumatatu watoto ndio huulizwa kuhusu viti. Shule iandike hali ya chumba kabla ya kukabidhi ufunguo na baada ya kuupokea.

Ukipokea karatasi kama ile ya mama wa Katuba, usigombane getini. Omba kwa maandishi: nani aliyevunja na imejulikanaje, devi (makadirio ya bei) ya fundi seremala au wa vioo, na tarehe ya tukio. Ukikubali kulipa, lipa kwa ofisi ya shule, upewe risiti yenye muhuri na jina la kitu kilicholipiwa, si “frais divers” (gharama mbalimbali). Usiweke pesa mkononi mwa mwalimu, hata kama ni mtu wa kanisa lako. Mkishindwana, anzeni na kamati ya wazazi, kisha uongozi wa elimu wa eneo, na mwisho Mahakama ya Amani. Wakati wote huo mtoto aendelee kusoma: deni, kama lipo, linadaiwa kwa mzazi, na kumfukuza mtoto si njia ya kulidai.

Barua iwe nakala mbili. Moja inabaki shuleni. Ya pili waipige muhuri wa kupokea, waandike tarehe, urudi nayo nyumbani. Mama yule alirudi Alhamisi na nakala yake. Kwenye pembe, chini ya muhuri, mkuu wa shule alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: mtoto aingie darasani, tusubiri devi.