Gari la kale halishindi kwa kung'aa

Hapa Lubumbashi, mtu akirithi Peugeot 404 ya babu yake, ushauri wa majirani ni uleule: peleka garaji, ikwanguliwe, ipigwe rangi mpya, ndipo uionyeshe watu. Wengi wanaamini kwamba kwenye mashindano ya magari ya kale mshindi ni lile linalong'aa kupita yote. Sivyo.

Kwa kawaida mwamuzi hutaka gari kama lilivyotoka kiwandani. 404 ilianza kuuzwa 1960, na rangi za wakati huo hazikuwa na lile tabaka la vanishi la juu lililoenea miaka mingi baadaye. Ukipaka tabaka hilo leo, gari litapendeza, ila alama zitapungua. Kisha mwamuzi huinama: namba ya injini, vichwa vya skrubu, mipira ya maji, kitambaa cha viti. Kromu iliyozidi ile ya kiwanda nayo ni kosa. Pikipiki ndizo hubanwa zaidi, maana kila kitu kiko nje. BSA, pikipiki ya kale ya Kiingereza, ikifungwa kabureta ya juzi haina pa kuificha.

Tena yapo makundi ya magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa, hata Pebble Beach kule California, mashindano yaliyoanza 1950. Humo rangi iliyofifia huheshimiwa.

Kutu inayokula sakafu ni habari nyingine. Hiyo ikatwe, bati lichomelewe. Lakini kabla fundi hajashika msasa, piga picha kila upande, na vipande vya zamani, hasa taa na beji, visiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.