Priampu za Zamani: Sauti Yenyewe na Ubovu Unaosifiwa Bure

Maiki hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, na kazi ya priampu ni kuupandisha mara mia au hata mara elfu mpaka uweze kurekodiwa. Ukipima usafi peke yake, priampu iliyomo ndani ya intafesi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya kisasa ya bei ya kawaida hushinda mitambo mingi ya zamani. Kelele zake ni chache, na kinachoingia ndicho kinachotoka. Mtambo wa zamani unatafutwa hadi leo kwa sababu haukuwa safi, na uchafu wake ulikaa pahali pazuri. Shida ni kwamba hapa Mombasa kuna uchafu wa aina nyingine, wa chumvi, joto na stima isiyotulia. Huo nao watu huusifu kwa jina la "sauti nzito ya zamani", na mimi naona haustahili sifa hiyo hata kidogo.

Tuanze na uchafu mzuri. Chukua Neve 1073, iliyoundwa na Rupert Neve mwaka 1970 kwa ajili ya miksa ya studio za Wessex, London. Umeme wa maiki hupita kwanza kwenye transfoma ya kuingilia, ukaenda kwenye hatua za transista za daraja A, zinazopitisha umeme muda wote bila kuzimika, kisha transista moja kubwa ikausukuma kwenye transfoma ya kutokea. Yote hayo yanalishwa volti 24.

Chuma cha transfoma kina kikomo cha usumaku kinachoweza kubeba. Usumaku huo hupanda volti zikipanda, na hupanda vilevile noti inaposhuka: kwa volti zilezile, noti ya 50 Hz hukijaza chuma maradufu ya noti ya 100 Hz. Kwa hiyo besi ndiyo inayoanza kubadilika, huku sauti za kati na za juu zikiendelea kupita bila kuguswa sana. Chuma kinapokaribia kujaa huzaa hasa hamoniki ya tatu, yaani mlio wa ziada wenye Hz mara tatu ya noti yenyewe. Uzi mzito wa udi ukitungwa kwenye do ya chini hutoa kama 65 Hz. Hamoniki yake ya tatu iko karibu 196 Hz. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa 65 Hz, ila 196 Hz huweza kuitoa kwa kiasi, na sikio la msikilizaji likishaipata hiyo pamoja na hamoniki nyingine hujijazia noti ya chini lenyewe. Ndiyo siri ya besi inayosikika hata kwenye kispika kidogo bila kuongezwa kwa ekwalaiza.

Transista ya daraja A nayo huzaa zaidi hamoniki ya pili, yaani noti ileile ikiwa oktava moja juu. Sikio haliichukulii kama mkwaruzo. Linasikia sauti iliyonenepa na kusogea mbele.

Kwenye mitambo ya valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista, nitapita haraka. V72 ya Kijerumani ina geini (kiasi cha kupandisha sauti) moja tu, 34 dB; V72S, iliyotumika kwenye miksa za REDD.37 za kampuni ya EMI pale studio za Abbey Road, ina 40 dB. Haina kitufe cha kupandisha wala kushusha, hivyo kiwango lazima kipunguzwe nje yake. Ndani mna volti zaidi ya 200, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujazoea kazi hiyo, usifungue.

Sasa kosa linalorudiwa kila mara. Mtu ananunua 1073 au nakala yake, anaiunganisha na intafesi, anapandisha geini mpaka mita ya kompyuta isome −18 (dB 18 chini ya kikomo), anarekodi, halafu anasema haoni tofauti. Masikio yake yako sawa. Kama intafesi yake hujaa kwenye +18 dBu (dBu ni kipimo cha volti za sauti), basi mita ikisoma −18 priampu inatoa 0 dBu tu, ilhali imeundwa kutoa hadi +26 dBu. Hapo imelala. Na akiisukuma hadi iamke, intafesi hujaa mwanzo na sauti inapasuka vibaya. Zamani tatizo hili halikuwepo kwa sababu baada ya priampu kulikuwa na fida ya kushusha kiwango. Ukiichomoa moduli kwenye miksa yake, fida inabaki kule.

Dawa yake ni resista tatu. Nunua mbili za 270 Ω na moja ya 68 Ω, za filamu ya metali, nusu wati, usahihi wa 1%. Kwenye plagi ya XLR (ya pini tatu) ya kiume inayoingia kwenye intafesi, unganisha 270 Ω kwenye njia ya pini 2, na 270 Ω nyingine kwenye njia ya pini 3, halafu weka 68 Ω kati ya pini 2 na pini 3 upande wa intafesi. Pini 1 ipite moja kwa moja. Kiwango kitashuka kama dB 19. Priampu ikitoa +19 dBu, intafesi inapokea 0 dBu, na mita inarudi −18 pale pale, lakini safari hii chuma kinafanya kazi.

Resista hizo zina faida ya pili. Zikijumlishwa zinaipa priampu mzigo wa kama 608 Ω, na transfoma ya kutokea ya mitambo hii ilikusudiwa kuona mzigo wa 600 Ω. Intafesi peke yake huwa na 10,000 Ω au zaidi, na transfoma isiyo na mzigo huinua kilele huku juu, sauti ikawa kali bila sababu. Zile 270 Ω mbili zipime kwa multimita uchague zilizokaribiana zaidi, kwa sababu zikitofautiana waya huanza kuokota mvumo. Vika kila resista mpira wa kubana ili zisigusane. Na uingie kwenye soketi ya laini, si ya maiki, volti 48 za kulisha maiki zikiwa zimezimwa.

Pa kusukuma na pa kutosukuma ni suala la kilichoko mbele ya maiki. Mwimbaji peke yake, udi peke yake, gitaa la besi: panda hatua moja moja, za dB 5, mpaka usikie noti za chini zinakaza, kisha rudi hatua moja. Kundi zima mbele ya maiki moja ni habari nyingine. Chuma kikijaa huzichanganya noti: 200 Hz na 290 Hz zikiingia pamoja, hutoka pia 110 Hz na 380 Hz ambazo hakuna mpigaji aliyezipiga, na wala hazimo kwenye tuni. Fidla nne, kodiani na kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonoa) kwa pamoja zikisukumwa hivyo hugeuka ukungu. Kanuni mimi huirekodi safi kabisa, kwani uzuri wake uko kwenye ule mdonoo wa kwanza wa kila noti, na ndio unaofifia mtambo ukizidiwa. Tashkota, ala ya nyuzi inayopigwa kwa vibonyezo, ambayo wapenzi wa taarab ya Mombasa wanaijua kwenye nyimbo za Zuhura Swaleh, hufaidika zaidi na ekwalaiza ya 1073: teremsha kidogo pale 3.2 kHz, mlio wa vibonyezo hurudi nyuma na nyuzi zikabaki.

Maiki ya dainamiki au ya riboni itumie ukiwa umechagua 1200 Ω kwenye kuingilia. Ile 300 Ω huilemea maiki, kiwango kikashuka, nawe ukalazimika kuongeza geini na kelele pamoja nayo.

Tugeukie ubovu. Kapasita za elektroliti hukauka ndani, na kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi umri wake hupungua kama nusu. Chumba kisicho na AC mwezi wa Februari, na mtambo umebanwa kwenye raki juu ya kingine, hapo kapasita zinapikwa. Hesabu ni rahisi: kapasita ya µF 100 ikiwa na mzigo wa 600 Ω huanza kukata besi kwenye Hz 2.7, hamna anayesikia. Ikikauka ikabaki µF 5, inakata kuanzia Hz 53, na ule uzi mzito wa udi umeshaguswa.

Kapasita inayovuja ni mbaya zaidi, kwa kuwa hudanganya. Hupitisha umeme wa moja kwa moja hadi kwenye transfoma, chuma kikajaa upande mmoja hata kabla ya mtu kuimba. Transista ya kutokea iliyopoteza mkondo wake wa utulivu nayo hukata wimbi upande mmoja. Zote mbili huzaa hamoniki ya pili kwa wingi, na mtu atakwambia, "Sikia ilivyo nene!"

Njia ya kutofautisha ni kupima kwa kiwango kidogo. Toa toni safi ya 60 Hz kutoka kwenye kompyuta, ishushe ipite kwenye priampu, irekodi, kisha tazama hamoniki kwa programu kama REW au Audacity. Fanya hivyo kwenye 0 dBu, +10 na +20. Mtambo usio na ubovu huanza ukiwa karibu safi, na hamoniki hupanda polepole kadiri unavyousukuma. Ukizikuta zimejaa tangu 0 dBu, usiusifu, ufungue.

Mvumo nao una majina mawili. Ukiwa kwenye 100 Hz, kapasita za kuchuja za pawasaplai zimechoka. Ukiwa kwenye 50 Hz, tafuta duara la waya wa ardhi au transfoma ya stima iliyokaa karibu na transfoma ya maiki. Mwatuko usiobadilika hata ukishusha geini mpaka chini unatoka kwenye hatua za mwisho, basi usipoteze wakati kwenye kuingilia.

Unapobadilisha kapasita, chukua za 105°C, volti zisipungue zile za mwanzo, na uweke alama ya upande wa hasi kabla ya kuchomoa. Usiongeze ukubwa kwa kudhani besi itazidi. Za filamu ziache, hizo hazikauki. Za tantalamu ndogo zenye umbo la tone huharibika kwa kushoti, kwa hivyo zilizo kwenye njia ya umeme badilisha zote.

Kabla ya kuwasha mtambo uliolala miaka, tazama nyuma umepangwa volti ngapi. Stima yetu ni 240. Uliopangwa 220 utawaka, lakini regyuleta itapika ziada yote. Mtambo wa Kimarekani unahitaji transfoma ya kushusha, na hata hapo, ulioundwa kwa 60 Hz ukila 50 Hz, chuma chake hubeba usumaku asilimia 20 zaidi na kuanza kunguruma. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, si ya LED. Ikimweka kisha ikafifia, endelea. Ikikaa inang'aa, zima, pana shoti.

Nyumba za Nyali, Likoni na Mji wa Kale, madirisha wazi wakati wa kusi, hupata chumvi ndani ya swichi za kuzungusha. Dalili ni sauti inayopotea hatua moja na kurudi nyingine. Safisha kwa isopropili ya 99%, zungusha swichi mwanzo hadi mwisho mara ishirini, acha ikauke, kisha tia tone dogo la mafuta ya viunganishi. WD-40 si kazi yake. Huacha utando unaokamata vumbi na chumvi zaidi. Pini za XLR zikigeuka kijani, badilisha soketi. Mtambo usiotumika uwekwe ndani ya sanduku linalofunga, pamoja na vifuko vya silika, na vifuko hivyo vikaushwe tena kila vinapojaa unyevu. Unaotumika uwashe walau saa moja kila juma wakati wa mvua za mwaka, joto lake lenyewe hufukuza unyevu.

Ukikosa wa zamani ukaamua nakala, uliza mambo mawili tu: transfoma zake zimetoka wapi, na hatua ya kutokea ni ya daraja A kweli? Nakala yenye transfoma za Carnhill na saketi ileile ya volti 24 itakupa karibu yote niliyoyaeleza juu. Yenye sura ya 1073 na kitufe chekundu, ndani ikiwa na IC (chipu) na bila transfoma ya kutokea, ni priampu safi ya kawaida, na intafesi yako inayo tayari.